Mapigo Matatu kwenye Fuawe Tupu

Simu ilitetemeka mfukoni mara moja, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Delfina Morandi hakupunguza mwendo. Gari lake dogo la kijivu, Panda, lilikuwa kwenye kona ya kumi na moja ya barabara ya kupandia kijiji cha Malserio, kushoto mwamba, kulia hewa tupu hadi mtoni. Mbele yake ile Ducato nyeupe ya mizigo aliyoifuata tangu Brescia ilikuwa ikikohoa moshi na kupanda kama mzee mwenye magoti mabovu.

Aliisoma simu kwa jicho moja.

"Nguo zimekauka. Anua saa tisa."

Yaani mzigo uko tayari. Unaondoka leo, saa tisa alasiri.

Sasa ilikuwa saa nane kasoro robo.

Alibonyeza kifungo cha juu cha koti lake. Ndani ya kifungo kile mlikuwa na kinasa sauti kidogo kuliko punje ya dengu.

"Mnara, hapa Sindano. Wachukuzi wako mbele yangu. Wawili."

"Nakupata, Sindano. Kaa nyuma."

"Vijana wangu wako wapi?"

"Njiani."

Njiani. Neno hilo limewalaza wengi na njaa.

Mzigo wenyewe ulikuwa muhuri. Kipande cha chuma kigumu kisichozidi kidole gumba, kilichoibwa miezi minne iliyopita kwenye karakana ya serikali. Aliye nacho anaweza kupiga pasi za kusafiria ambazo hakuna uwanja wa ndege utakaozikataa. Sasa kilikuwa mikononi mwa Loris Zanetti, mwuza vitu vya kale, meno meupe, viatu vya kung'aa, na Loris alitaka kukivusha mpaka wa Uswisi, kwa watu wasiotaja majina yao.

Mpakani kuna mashine zinazoona ndani ya begi, ndani ya buti, hata ndani ya tumbo la mtu. Lakini bonge la chuma nene huzifumba macho. Ndiyo maana Loris alitafuta mhunzi.

Akampata Faustino Bettoni, umri miaka sabini na mmoja, ambaye watu wa Malserio walimwita Mzee Tino. Karakana yake ilikuwa na miaka mia nne. Nyundo yake iliendeshwa na maji, na kila Jumamosi wageni walikuja kuitazama. Loris alimwagiza kichwa cha nyundo kinachoonekana cha kale, chenye tumbo wazi ndani. Mzee Tino alisema sawa, bwana, hakuna shida. Loris alipoondoka, akaenda kwa padri. Padri akampigia mtu simu. Mtu huyo akamtuma Delfina.

Hiyo ilikuwa wiki sita nyuma. Delfina alikwenda kama mgeni wa kawaida, na mzee akamwonyesha kila kitu kama anayemwonyesha mtu mjukuu wake.

"Kabla sijafungua maji, chuma lazima kiwe kimelala hapa," alisema, akigonga fuawe kwa kidole. "Nyundo haipigi fuawe tupu."

"Ikipiga?"

"Haipigi, binti."

"Hata siku moja?"

"Siku moja tu. Na siku hiyo mimi sitakuwepo kuisikia." Akacheka, akajifuta jasho.

Delfina alidhani ni utani wa wazee. Alikuwa mtu wa tambarare, na watu wa tambarare huuliza bei, hawaulizi desturi.

Kisha mzee akaacha kucheka. "Mimi sina mke, sina mtoto. Nina nyundo. Hawa watu wakijua nimewasema, itakuwaje?"

"Siku hiyo nitakuwa mlangoni pako, nimefunga kitambaa chekundu shingoni. Ukiona nimekivua, jitupe chini. Watu wangu watakuwa wanaingia."

"Na usipokivua?"

"Nitakivua."

Asubuhi ya leo alikifunga mbele ya kioo. Fundo la mvuto mmoja, mkia umeachwa nje. Alilijaribu mara tatu. Mara zote tatu lilifunguka.

* * *

Ducato iliegeshwa kando ya kibanda cha tiketi. Delfina aliegesha nyuma yake, kwa sababu kulikuwa na nafasi moja tu.

Mlinzi wa kibanda alikuwa Bi Giacomina, mwanamke mwenye mabega ya mchukuzi na soksi za sufu. Wenyeji walimwita Bi Mina. Tiketi ilikuwa kazi yake ya pembeni. Kazi yake hasa ilikuwa nyuma ya kiti chake: lango kuu la mfereji, lenye gurudumu la chuma na mtaimbo wa kulizungushia. Maji yote yaliyosukuma nyundo za Malserio, kinu cha unga na bustani za kabichi, yalipita chini ya makalio ya Bi Mina.

"Mkoba," alisema.

"Samahani?"

"Mkoba unabaki kabatini, mama. Mwaka juzi mwanamke mmoja wa Milano mkoba wake ulishika cheche. Aliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto."

"Nina dawa zangu humo."

"Za nini?"

"Za moyo."

"Basi uuache na moyo wenyewe, maana kule chini kuna kelele."

Mkobani mlikuwa na bastola ya Beretta, risasi kumi na tano. Delfina akafungua kinywa kubisha, na hapo nyuma ya bega lake akasikia marashi ya bei kubwa.

"Mpe tu, mama," alisema Loris Zanetti kwa sauti ya asali. "Bi Mina hashindwi. Mimi aliwahi kuninyang'anya mwavuli."

"Nilikurudishia, sikukurudishia?"

"Ulinirudishia."

"Basi usinipake matope mbele ya wageni."

Nyuma ya Loris alisimama mtu mnene asiye na shingo. Koti lake lilikuwa limevimba chini ya kwapa la kushoto. Delfina moyoni akampa jina la Pipa.

Kabati likafungwa. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Bi Mina.

"Leo Tino anatengeneza upawa," Bi Mina alisema, akikata tiketi. "Nitausikia kutoka hapa. Mimi sihitaji kuona. Najua nani anapiga ndoo, nani anapiga beleshi, na nani kanywa kabla ya saa nne. Haya, shukeni, msiteleze."

* * *

Njia ya kushukia karakana ilifuata mfereji, na maji yalikimbia kando yake, meusi, ya baridi, yakibeba majani. Mbele walitangulia walimu wastaafu kumi na wawili kutoka Bergamo, fimbo mikononi. Loris na Pipa walikuwa kati. Delfina alijifanya anafunga kiatu.

Kidude cha kusikilizia kilichofichwa sikioni mwake kikakwaruza.

"Sindano, sikiliza. Wameona alama."

"Alama gani?"

"Mhunzi wako amepiga alama yake kwenye kile kichwa cha nyundo. Punje mbili za shayiri. Kifaa kinachodaiwa kuwa cha miaka mia tatu kina alama ya mtu aliye hai. Tumenasa simu ya Zanetti. Anaamini ni ishara kwa polisi. Wanaondoka na mzee saa tisa, na mzee hatafika."

Delfina alifumba macho. Hakuna aliyemtuma afanye hivyo. Haikuwa ishara ya mtu yeyote. Huko Malserio kazi isiyo na alama ni kama mtoto asiye na baba, hakuna mhunzi anayeiachia ikatoka mlangoni. Miaka hamsini na tano mkono ule ulikuwa umemaliza kila kazi kwa pigo lile dogo la mwisho. Mkono ulipiga, kichwa hakikuulizwa.

"Vijana wako wapi?"

"Mpakani."

"Mlisema njiani."

"Walikuwa njiani kwenda mpakani. Tunataka wanunuzi, Sindano. Gari liache lipite."

"Na mhunzi?"

Maji yakapita.

"Ana miaka sabini na mmoja," Mnara akasema.

"Sikuuliza umri wake."

"Usiingilie. Rudia amri."

Delfina alikaza kamba ya kiatu hadi ikamuuma.

"Rudia amri, Sindano."

"Nisiingilie."

Sauti ikakatika. Huko juu, kwenye ofisi yenye kahawa, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

* * *

Karakana ilikuwa ya mawe, dari nyeusi kwa masizi ya miaka mia nne. Nje ya ukuta gurudumu la maji lilizunguka taratibu, lisilo na haraka. Mhimili wake ulipenya ukutani, mnene kama paja la ng'ombe, na meno yake ya chuma yakawa yanakandamiza mkia wa mti wa nyundo. Jino likikandamiza, nyundo inapanda. Jino likiachia, nyundo inaanguka. Kilo mia moja na hamsini.

Mzee Tino aliketi mbele yake kwenye kiti kilichoning'inia kwa mnyororo kutoka darini, ili aweze kubembea kufuata chuma. Mkono wa kulia koleo. Mkono wa kushoto, juu kidogo, fimbo ndefu ya kufungulia maji.

Loris alisimama karibu na benchi. Juu ya benchi palikuwa na sanduku la mbao, wazi, na ndani yake kichwa cha nyundo chenye kutu nzuri ya bandia, ya chumvi na siki.

Pipa alisimama mlangoni.

Delfina alisimama mlangoni pia, kama alivyoahidi. Kati yake na Pipa palikuwa na upana wa mkono.

Mzee aliinua macho. Akatazama kitambaa chekundu. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyeona taa ya nyumba yake.

Hilo lilikuwa tazamo la kwanza.

"Upepo wa moto unatoka wapi?" aliuliza mwalimu mmoja. "Sioni mivukuto."

"Unatoka kwa maji," Mzee Tino akajibu. "Yanaanguka ndani ya bomba, yanasukuma hewa. Huku kila kitu kinatoka kwa maji, mwalimu. Isipokuwa divai, na hata hiyo mwenye baa simwamini."

Walimu wakacheka. Akachomoa chuma chekundu, akakilaza kwenye fuawe, akavuta fimbo. Nyundo ikashuka. Cheche zikaruka. Jengo zima likatetemeka hadi kwenye meno ya watu.

Delfina alipiga hesabu.

Koleo ukutani, hatua nne. Pipa, nusu hatua, bastola chini ya kwapa. Walimu kumi na wawili katikati, mmoja na fimbo, wawili na viatu vya kuteleza. Akipiga kelele, Pipa anachomoa. Akiruka, Pipa anachomoa. Akitoka kuufuata mkoba, ni dakika sita kwenda na sita kurudi, na Bi Mina ana ufunguo. Vijana walikuwa umbali wa saa moja na nusu, wakinywa kahawa mpakani.

Akapiga hesabu upya. Ikatoka vilevile.

Mkono wake ulikuwa umeshika mkia wa kitambaa. Kukivua ilikuwa rahisi kuliko kupiga chafya. Lakini akikivua, mzee atajitupa chini, na hakuna atakayeingia. Pipa atashangaa nukta moja tu, kisha hatashangaa tena. Kitambaa kile sasa kilikuwa uongo, na uongo huo ungemuua mzee mapema.

Mzee Tino alikuwa ameshakunja kikombe cha upawa. Akaupindua, akaupiga, akaurudisha motoni. Akatazama mlangoni.

Tazamo la pili. Lilikaa kidogo.

"Mzee, malizia," alisema Loris, akitazama saa yake ya Omega. "Tuna safari."

"Safari ipi?" aliuliza mwalimu.

"Nampeleka Mzee Tino mjini Sondrio akale vizuri. Mtu kama huyu hastahili kula ugali na jibini peke yake kila siku."

"Mimi sijasema nina njaa," alisema mzee.

"Utaisikia njiani."

Pipa akacheka puani. Delfina alisikia harufu ya mafuta ya bastola, au labda aliidhania. Alikuwa amewahi kuvuka paa la treni Trieste. Alikuwa amewahi kumtoa mtu ndani ya ubalozi kwenye kapu la nguo chafu. Na sasa alikuwa amesimama kama mwiko wa kuning'inizwa ukutani, anasubiri mtu achukuliwe.

Mzee Tino alichomoa upawa kwa mara ya mwisho. Akaupiga mapigo madogo madogo. Akafunga maji, nyundo ikatulia ikiwa imeinuka juu ya upawa. Akachukua kimuhuri chake kidogo na nyundo ya mkono. Tik. Punje mbili za shayiri.

Kisha akatazama mlangoni.

Tazamo la tatu.

Delfina hakuwa na la kumpa. Aliuachia mkia wa kitambaa, akashusha mkono polepole, hadi ukaning'inia ubavuni.

Mzee aliuona ule mkono ukishuka. Akatikisa kichwa kidogo, bila hasira, kama mtu anavyomtikisia kichwa mwoka mikate anayesema mikate imekwisha.

Akauchomoa upawa chini ya nyundo. Akauweka pembeni. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari.

Fuawe lilikuwa tupu.

Akavuta fimbo ya maji mpaka mwisho.

Nyundo ikapanda, ikaanguka.

Sauti ile haikuwa sauti ya kazi. Ilikuwa kali, ndefu, chuma kwa chuma, iliyopanda ukutani na kutoka kwenye bomba la moshi na kwenda juu ya bonde. Walimu walijiziba masikio.

Ya pili.

Ya tatu. Na ndani ya ile ya tatu, chini kabisa, kulikuwa na sauti nyingine ndogo, kama kuni kavu inayovunjwa gotini.

Mzee akafunga maji.

"Hongera!" Loris akapiga makofi. "Mmeona? Huo ndio mwisho wa onyesho." Na walimu nao wakapiga makofi, maskini, hawakujua wanapigia nini. Hata Delfina hakujua.

"Haya, mzee. Vaa koti."

"Ngoja kidogo, bwana Loris."

"Tungoje nini?"

"Sikiliza."

Wakasikiliza. Hapakuwa na cha kusikia, na hicho ndicho kilichokuwa kipya. Gurudumu nje lilizunguka nusu mzunguko, likayumba, likasimama. Upepo wa tanuri ukakatika. Makaa yakageuka rangi, mekundu, ya zambarau, ya kijivu. Nje, mfereji uliokuwa ukikimbia tangu asubuhi ulinyonya, ukagugumia, ukanyamaza.

Bi Mina alikuwa amefunga maji. Si ya Tino peke yake. Ya Malserio yote.

"Kimeharibika nini?" Loris akauliza.

Mzee Tino alibembea kitini hadi nyuma ya nguzo.

Sikioni mwa Delfina Mnara akakwaruza. "Sindano, ni nini? Gari limeondoka?"

"Bado."

Kisha viatu. Kwanza jozi moja, halafu nyingi, kwenye njia ya mawe. Wakatokea mlangoni wanaume, kofia mikononi, vichwa wazi. Wengine walitoka kwenye karakana zao, aproni za ngozi bado viunoni. Wengine walitoka baa. Mmoja alikuwa bado ameshika karata zake. Kila mmoja alikuja na beleshi, kwa sababu kule kaburi la mhunzi huchimbwa na wahunzi wenyewe. Walijaa njia, wakajaa daraja, wakaizunguka Ducato kule juu kama maji yanavyozunguka jiwe.

Wa mbele, jitu lenye ndevu, hakumtazama mtu. Alikamata mlango wa karakana, mwenzake akakamata upande wa pili, wakaunyanyua kutoka kwenye bawaba zake.

"Nyie! Mnafanya nini?" Pipa akasema, akirudishwa nyuma.

"Tunang'oa mlango."

"Wa nini?"

"Sasa tumbebee juu ya nini? Mgongo wako?"

"Mumbebe nani?"

Yule mtu akamtazama kama anavyotazamwa mlevi kanisani. "Nyundo imepiga fuawe tupu mara tatu, rafiki. Kwenu mhunzi akifa mnapiga nini, honi?"

Delfina akalikumbuka neno la mzee. *Siku hiyo mimi sitakuwepo kuisikia.*

"Hakuna aliyekufa!" Loris alicheka, lakini meno yake hayakuwa meupe tena. "Ni onyesho, mabwana! Mzee alifurahisha wageni." Alifunga sanduku, akalikumbatia, akaelekea nje.

Mabeleshi mawili yakakutana mbele yake.

"Hatoki mtu kabla ya maiti," alisema mwenye karata.

"Nina haraka!"

"Na yeye alikuwa nayo."

Hapo ndipo kiti kilipobembea, mnyororo ukalia, na Mzee Tino akatoka nyuma ya nguzo, kichwa wazi, mikono imening'inia.

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Wengine wakafanya ishara ya msalaba.

"Maiti ni mimi," alisema.

"Tino!" Sauti ya Bi Mina ilipasua umati. Alikuja akihema, mtaimbo wa lango mkononi, machozi hadi kidevuni. Akamfikia, akamzaba kofi ambalo lingemwangusha ng'ombe. "Mshenzi wewe! Nimekufungia maji nikilia! Nimekulilia kwa sauti!"

"Najua, Mina. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kukuita."

"Mtu anaita kwa mdomo!"

"Ningeita kwa mdomo ungefika peke yako. Na sasa tungekuwa tumelala wawili, mimi na wewe." Akaelekeza kidevu. "Hawa walikuwa wananiua leo. Njiani kwenda mpakani. Nimejipigia mapema, basi, nikiwa bado naweza kuvuta fimbo."

Mabeleshi yakainuka.

Mkono wa Pipa uliingia ndani ya koti. Ulitoka na bastola, ukakutana na mtaimbo wa Bi Mina ukishuka. Mfupa ulilia. Bastola ikaanguka, ikateleza juu ya mawe, ikaja kusimama mbele ya kiatu cha Delfina.

Delfina akaikanyaga.

Katika shughuli yote ya siku ile, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

* * *

Waliwafunga Loris na Pipa kwa mnyororo wa kuvutia magogo. Jitu lenye ndevu lilikiweka kile kichwa cha nyundo kwenye fuawe dogo, likatia patasi kwenye mshono, likagonga mara mbili. Kikafunguka kama lozi. Muhuri ukaangukia kiganjani mwa Delfina, wa baridi, mdogo, hauna uzito wa kitu chochote.

Askari wa bondeni walifika baada ya dakika arobaini. Walimu wa Bergamo waliulizwa waliona nini, na kila mmoja alikuwa ameona kitu chake.

Mzee Tino hakuwa na habari nao. Alikuwa amepiga magoti mbele ya fuawe kubwa, akipitisha kidole kwenye ufa. Ulianzia ukingoni, ukapita katikati, ukashuka hadi kwenye jiwe. Kidole kiliingia.

"La babu wa babu yangu," alisema.

"Litaungwa," alisema mmoja.

"Wewe ni mhunzi na unaniambia litaungwa?"

Yule mtu akatazama viatu vyake.

Nje walikuwa wanabishana kuhusu maji. Mhunzi akifa, lango hufungwa siku tatu, na karakana yake haiwashwi moto mwaka mzima. Wengine walisema, lakini mtu yuko hai, mnamwona, anapumua. Wengine walisema mapigo ni mapigo, na ukiyachezea leo, kesho nani atakuja?

"Mina, unasemaje?" wakamwuliza.

Bi Mina alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nimeshafunga. Siku tatu. Na moto wake mwaka." Akageuka haraka, asitazamwe.

"Yuko sawa," alisema Mzee Tino kutoka ndani. "Kama walikuja kwa desturi, siwezi kuwarudisha kwa mzaha."

Mwaka mmoja, kwa mtu wa miaka sabini na mmoja, mwenye fuawe lililopasuka. Delfina hakuhitaji kupiga hesabu hiyo.

Akamsogelea. Alikuwa na maneno tayari, maneno ya kazi: serikali inakushukuru, tutakulipia fuawe jipya. Akayaacha yote. Akanyoosha mkono tu.

Mzee aliutazama ule mkono. Kisha kitambaa.

"Kizuri," alisema. "Hukukivua."

"Hakukuwa na watu, Mzee Tino."

"Najua. Nilikuona usoni." Hakuwa na ukali. Ingekuwa nafuu angekuwa nao. "Ulikuja mlangoni, basi. Hilo ulifanya."

"Nipe mkono."

"Maiti hasalimii, binti. Nenda, utachelewa."

* * *

Bi Mina alimrudishia mkoba bila neno. Beretta ilikuwa pale pale, na risasi zake kumi na tano.

Delfina alivaa miwani ya jua, akatembea kuelekea kwenye gari, mwendo wake ule ule wa siku zote, usio wa haraka. Mfereji kando ya njia ulikuwa matope matupu. Samaki mmoja wa madoadoa alikuwa anarukaruka kwenye kidimbwi kilichobaki, kidimbwi kisichozidi beseni la kunawia mikono. Delfina akainama, akamchukua kwa mikono miwili. Akatazama juu ya mfereji. Akatazama chini. Hapakuwa na maji popote. Akamrudisha alipomtoa.

"Sindano, hapa Mnara. Wanunuzi wamegeuza gari, wamekwenda. Nani alimzuia Zanetti?"

"Mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Delfina akafungua mlango wa gari.

"Muhuri unao?"

"Ninao."

"Basi kazi nzuri, Sindano. Kazi nzuri sana."

Akachomoa kile kidude sikioni, akakitupa kwenye kikombe cha kahawa cha jana. Akaingia kwenye Panda, akafunga mlango. Kwenye kioo aliona shingo yake.

Akashika mkia wa kitambaa, akavuta.

Fundo lilifunguka kwa mvuto mmoja.